Mashine ya Maji Ikinyamaza, Nyumba Yako Itakunywa Nini?



Maji ya bomba ni kitu kizuri sana. Mama akiwa na koki karibu na nyumba yake hupata muda wa shamba na wa kupumzika, na sisi tunaofanya kazi zahanati hupata wagonjwa wachache wa kuhara. Lakini mabomba mengi ya vijijini hutegemea mashine ya kusukuma maji. Iwe ni ya dizeli, ya umeme au ya nguvu za jua, iko siku itanyamaza. Mafuta yamekwisha, waya umeungua, au fundi anangoja kipuri kutoka mjini. Siku hiyo ukifungua koki hutoka upepo tu.

Hapo watu hufanya nini? Huchukua madumu yao wakarudi kule kule walikochota bibi zao: korongoni, kwenye lambo la ng'ombe, au kwenye visima vya mchanga. Baada ya siku chache watoto wanaoharisha wanaanza kuletwa zahanati. Ukifunua daftari la wagonjwa huna haja ya kumwuliza mtu mashine ya kijiji iliharibika lini. Kurasa zenyewe zinasema.

Katika makala haya nitaeleza jinsi nyumba inavyoweza kuwa na maji yake ya akiba, yasiyohitaji umeme wala mafuta. Sisemi watu waache kudai bomba lao. Nchi yetu ilianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao. Baadaye Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaja kiasi chenyewe: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Hiyo ni haki ya kudaiwa mkutanoni, na mchango wa kutengeneza mashine ni deni la kulipwa. Lakini mtoto mwenye kiu hawezi kungoja mkutano.

TUANZE NA HESABU

Watu wengi wakisikia habari ya akiba ya maji huona tangi kubwa la saruji, wakakata tamaa kwa sababu hawana fedha. Hukata tamaa kwa kuwa wamechanganya maji ya kazi zote. Maji ya kufulia, ya kufyatulia matofali na ya kunyweshea mbuzi si lazima yawe safi sana. Yanaweza kutoka korongoni. Maji ambayo hapana budi yawe salama ni yale yanayoingia mdomoni: ya kunywa, ya kupikia na ya kuoshea vyombo vya kulia. Pamoja nayo ongeza ya kunawa mikono.

Kwa maji ya kunywa na kupika tukadirie lita 5 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu 6 itatumia lita 30. Pipa moja la kawaida lina lita 200. Mapipa matatu ni lita 600, yaani siku 20. Kwa hiyo nyumba yenye mapipa matatu yaliyojaa na kufunikwa inaweza kukaa karibu wiki tatu pasipo kuweka mdomoni tone la maji ya lambo. Mwenye uwezo wa kununua tangi la plastiki la lita 1,000 atapata zaidi ya mwezi mmoja. Hayo ndiyo makisio yangu ya mahali pa kuanzia. Kiangazi chote ni jambo jingine, na tutaligusa kidogo mbele.

Maji hayo yatatoka wapi? Yatatoka juani, kama wasemavyo watoto, maana mvua hutoka huko juu. Mvua ikinyesha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni lita 1 ya maji. Hesabu hii ni ya kweli siku zote na mahali pote. Sisi wa Dodoma tuna mvua kidogo, kama milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Sasa chukua nyumba ya bati yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Hiyo ni mita za mraba 30. Zidisha kwa 550 utapata lita 16,500. Ondoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayoruka pembeni, yanayokauka juu ya bati na yale utakayoyamwaga makusudi. Zinabaki lita 13,200.

Soma tena tarakimu hiyo. Kwa lita 30 kwa siku, maji hayo yangeitosha nyumba ile ile ya watu 6 kunywa na kupika kwa siku 440. Mwaka mzima na zaidi! Na hapa ndipo mahali tunapopaita pakame. Mvua ya kunywa tunayo. Tunachokosa ni chombo.

Pengine utasema, nyumba yangu ni tembe la udongo, au nimeezeka nyasi. Ni kweli, paa la udongo halifai kwa kazi hii, na maji ya paa la nyasi huwa na rangi ya chai na uchafu mwingi. Yatumie kwa kufulia. Lakini si lazima uezeke nyumba nzima. Banda dogo la mabati manne ya mita 3, lililoinama upande mmoja, hukinga mvua kwenye eneo la kama mita za mraba 8. Kwa mvua ya milimita 550, banda hilo hutoa lita 3,500 hivi kwa mwaka. Mapipa yako matatu yatajaa, yatatumika, na yatajaa tena karibu mara tano. Chini ya banda hilo hilo unaweza kuweka jiko au kuni, ili mabati yasikae bure.

KUKINGA MAJI

Funga mfereji chini ya ukingo wa bati. Siku hizi mafundi wanauita gata. Unaweza kununua wa plastiki, kukunja bati jembamba, au hata kupasua mwanzi mkubwa katikati na kutoa vifundo vyake vya ndani. Uinamishe kidogo kuelekea upande wa pipa. Kila mita moja ya urefu ishuke kama sentimita 1. Usipouinamisha, maji yatatuama ndani yake na mbu watakushukuru. Ukiuinamisha mno, mvua kubwa itaruka nje.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulidharau. Paa la nyumba ni uwanja wa ndege, mijusi na panya. Miezi saba ya kiangazi hujaza juu yake vumbi, majani makavu na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza huosha yote hayo. Anayekinga mvua ya kwanza anakinga maji ya kuoshea paa. Kwa hiyo mvua ya kwanza kabisa ya mwaka iache ipite yote, hata kama roho inauma. Na kila mvua inayofuata baada ya siku kadhaa za jua, acha ioshe bati kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuelekeza maji kwenye pipa. Njia rahisi ni kufunga mwishoni mwa mfereji kipande cha bomba au mpira kinachoweza kusogezwa. Mvua ikianza, kielekeze nje. Maji yakionekana meupe, kisogeze juu ya pipa.

Tatizo ni kwamba mvua haina saa, huja hata usiku wa manane. Kwa sababu hiyo mafundi hutengeneza bomba la kusimama. Maji ya mfereji, kabla ya kufika kwenye pipa, hukutana na njia panda. Njia moja inashuka kwenye bomba lililozibwa chini, na nyingine inaendelea hadi kwenye pipa. Maji machafu ya mwanzo hushuka na kulijaza lile bomba. Likisha kujaa, maji safi hayana pa kwenda ila kwenye pipa. Asubuhi unafungua kizibo cha chini, unamwaga uchafu, unafunga tena. Kwa paa la mita za mraba 30, bomba hilo au ndoo iliyofungwa chini yake ichukue angalau lita 20 au 30. Zaidi ya hapo ni bora zaidi.

Mdomoni mwa pipa funga wavu au kitambaa kizito cha kuzuia majani na wadudu. Kifue kila baada ya mvua kubwa, maana kitambaa kilichojaa mavi ya popo hakichuji kitu, ila kinayapika maji kama majani ya chai.

CHOMBO CHENYEWE

Hapa naomba usome polepole. Nimeona maji mazuri ya mvua yakigeuka sumu kwa sababu ya pipa.

Usiweke maji ya kunywa katika pipa lililokuwa na dawa ya wadudu ya pamba, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au kitu chochote usichokijua. Usidanganywe kwamba limeoshwa kwa majivu na sabuni mara saba. Sumu nyingine huingia katika plastiki yenyewe ikatoka kidogo kidogo kwa miezi. Mwuulize muuzaji pipa lilikuwa na nini. Kama hajui, au kama anacheka tu, nenda kwa mwingine. Pipa lililokuwa na mafuta ya kupikia au asali huoshwa likafaa. Mapipa ya chuma hupata kutu, lakini kutu haiui mtu, hubadilisha ladha na rangi tu.

Chombo kifunikwe kabisa, mchana na usiku. Kwanza, mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia, na kwa wiki moja au mbili tu mbu wapya wanaruka. Wale wanaoeneza homa ya dengi hupenda hasa mapipa na vyombo vya nyumbani. Pili, mwanga huotesha ukijani ndani ya maji. Chombo kinachopitisha mwanga kipake rangi nyeusi kwa nje au kiweke kivulini. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kufika magotini. Mfuniko uwe mzito au uwe na kufuli. Kwa sababu hiyo mimi sipendi yale mashimo ya kuhifadhia maji yanayochimbwa uani na kufunikwa miti. Yanajengwa kwa bei nafuu, lakini yanahitaji fundi wa kweli na mfuniko wa zege, si matawi.

Pipa lisikae chini. Liweke juu ya jukwaa la mawe au matofali ya kuchoma, kimo cha kutosha ndoo kuingia chini ya koki. Maji yana tabia moja tu, kuteremka, na hiyo ndiyo mashine yetu isiyokula dizeli. Lakini kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa lililojaa lina kilo 200 mbali na uzito wake lenyewe, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Jukwaa la fito au la matofali mabichi litaporomoka siku ya mvua kubwa, siku ambayo watoto wamejikinga hapo hapo. Jenga imara, na elekeza maji yanayofurika mbali na msingi, yaende kwenye mchicha au mpapai.

Koki ifungwe kimo cha vidole vinne kutoka chini ya pipa. Tope lote litalala chini ya koki, nawe utachota maji yaliyo juu yake. Kama huwezi kupata fundi wa kutoboa, chota kwa kata yenye mpini mrefu, ambayo haina kazi nyingine na hutundikwa, haiwekwi chini. Wengine hutumia mpira, wakavuta kwa mdomo mpaka maji yaje. Mpira ni njia nzuri, mdomo si njia nzuri. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole vilivyonawiwa, ncha moja itie ndani ya pipa na nyingine ishushe chini kwenye ndoo, kisha achia. Maji yatakuja yenyewe.

Ndani ya nyumba maji ya kunywa yakae katika mtungi au dumu lenye mdomo mwembamba. Mkono ukishindwa kupita, vijidudu vya mkononi navyo vinashindwa. Dumu la mdomo mwembamba lina taabu ya kuoshwa, lakini dawa yake ni rahisi. Tia ndani kokoto ndogo safi za konzi moja, maji na sabuni, ukatikise kwa nguvu. Kokoto husugua mahali ambapo brashi haifiki. Wape watoto kazi hiyo, wataigeuza ngoma.

JE, MAJI YA MVUA YACHEMSHWE?

Ndiyo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya lambo, lakini yamepita juu ya paa. Na yana faida moja ambayo wenzetu wa Singida, Shinyanga, Manyara, Arusha na Kilimanjaro wataielewa haraka. Baadhi ya visima vya huko vina madini ya floraidi kwa wingi. Madini hayo ndiyo yanayofanya meno ya watoto yawe ya kahawia, na yakizidi kwa miaka mingi hupinda mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji yanapopungua sufuriani madini hubaki pale pale, yamekolea zaidi. Maji ya mvua hayana taabu hiyo. Ikiwa kisima cha kwenu kinajulikana kwa floraidi, maji ya mvua wape kwanza watoto ambao meno yao ya ukubwani hayajaota.

Kuchemsha ni mpaka maji yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yapande kutoka chini. Yakisha kutokota hivyo yatoshe, usiendelee kuchoma kuni bure. Yapoe ndani ya sufuria ile ile iliyofunikwa. Kwa kuwa kuni ni shida, unaweza kutumia dawa ya maji ya klorini, ya vidonge au ya maji. Soma karatasi yake, kwa maana kidonge cha ndoo ya lita 20 hakilingani na kidonge cha lita 5. Koroga, funika, ngoja nusu saa ndipo unywe. Dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope, kwa hiyo yachujwe kwanza.

Asiye na kuni wala dawa ana jua. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zioshe, zijaze maji maangavu na uzilaze juani juu ya bati tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Hizo saa 6 za jua kali huua vijidudu. Kukiwa na mawingu ziache siku mbili. Siku ya mvua njia hii haifai. Utajuaje kama maji ni maangavu ya kutosha? Simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili, kisha chungulia kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma maandishi, maji yanafaa.

Kuna wakati akiba itakwisha na itabidi kurudi korongoni. Ukichimba kisima cha mchanga, kichimbe juu ya mahali mifugo inaponywea, si chini yake, na ukizungushie miiba. Maji ya kwanza yatoe yote, ngoja mengine yajichuje kupitia mchangani. Kisha yatulize usiku kucha na uyachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne au zaidi. Usicheke kitambaa. Huko Bangladesh utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa vitambaa vikuukuu vya sari vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Nusu si yote, ndiyo maana baada ya kuchuja unachemsha au kutia dawa. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo husaidia kutuliza tope lishuke chini, lakini hazitoshi kuua vijidudu.

NANI ANA UFUNGUO WA PIPA?

Vyombo na mifereji ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni makubaliano ya nyumbani. Ninaifahamu nyumba moja iliyokinga mapipa manne mwezi wa Machi, yakafunikwa vizuri, ukapita Juni na Julai. Agosti ikaja sherehe. Mapipa mawili yakaenda kwenye pombe, moja likaosha masufuria, na la nne baba akalitoa afyatulie matofali ya jirani, kwani alikuwa amemwahidi. Septemba mashine ya kijiji ikaharibika. Mama wa nyumba ile akatembea alfajiri hadi alfajiri kama wengine wote, na mtoto wake wa pili akaletwa kwetu macho yameingia ndani. Alipona. Lakini maji ya kumponya yalikuwepo nyumbani mwezi mmoja tu kabla.

Kwa hiyo kaeni, baba, mama, bibi na vijana wakubwa, mpatane. Pipa lipi ni la matumizi ya kila siku ya kunywa, na pipa lipi haliguswi mpaka koki ya kijiji itoe upepo? La pili liwekwe alama ya chaki, na ufunguo akae nao mtu mmoja. Mimi ningesema mama, kwa kuwa ndiye atakayebeba ndoo likikauka. Kama baba anaona ni vibaya kunyang'anywa ufunguo, basi abebe yeye ndoo, na hapo tutaona pipa litakavyotunzwa.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni hii. Mtu akiharisha, dawa yake ya kwanza ni maji. Kwa mtoto tunatumia maji ya chumvichumvi ya pakiti kutoka zahanati. Pakiti ikikosekana, tengeneza nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyo sawa na kingo, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo kila mara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, kisha umlete zahanati apate vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu au aliye na damu katika choo, usimngojeshe nyumbani hata saa moja. Endelea kumpa maji njiani kama anaweza kumeza.

Kipindupindu ni kikali zaidi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Wazee wanaukumbuka ugonjwa ule ulivyoenea mwaka 1977 na 1978. Vijana wanakumbuka ule ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukaingia karibu mikoa yote na kusumbua hadi mwaka 2018. Nyumba yenye mgonjwa kama huyo inahitaji maji ya kumnywesha akiwa njiani kuja kwetu, na mengine mengi ya kunawa na sabuni kwa kila anayemhudumia. Uwe na maji ya mgonjwa kabla ya kuwa na mgonjwa.

KABLA YA DESEMBA

Kazi ianze Novemba, wakati mawingu bado yanatania. Panda juu, fagia bati, toa majani kwenye mfereji, kata matawi yanayoning'inia juu ya paa, kwani ndege hukaa hapo. Ziba matundu. Osha mapipa kwa sabuni na uyakaushe juani. Yeye aliyeweka fedha kidogo aanze kwa kununua koki na mfereji wa upande mmoja wa paa, kisha pipa moja moja kila mwaka. Majirani watatu wanaoweza kuchanga wakajengewa tangi la saruji na fundi mwenye ujuzi wanaweza hata kufikiria kuvuka kiangazi chote. Kwa nyumba ya watu 6, Mei hadi Novemba ni siku 214, ambazo zinahitaji lita 6,420. Paa tumeona linatosha.

Pipa likisha kujaa, kagua koki kila asubuhi kwa kupitisha kidole chini yake. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde humwaga kama lita 4 kwa siku. Pipa lililojaa mwanzoni mwa Mei litakuwa tupu katikati ya Juni na hakuna aliyelinywa. Zungushia utepe wa mafundi au uzi wa katani kwenye nyuzi za koki, kaza, na kama mpira wake wa ndani umelika, badilisha. Mpaka upate mpira mpya, weka chini yake ndoo yenye mfuniko uliotobolewa tundu moja dogo, na maji hayo uyanywe ya kwanza.